Mama, Mtoto na Kivuko cha Mto

Leo tutashuka pamoja hadi mtoni. Tutazungumza juu ya mahali ambapo karibu kila mtu wa kijiji cha kando ya mto hupita kila siku. Mahali hapo ni kivuko.

Wewe unayeishi kando ya Mto Tana unapajua vizuri. Hapo ndipo mitumbwi huegeshwa. Hapo wavuvi hushusha kambare wao na kuwapasua. Hapo akina mama huteka maji na kufua nguo. Hapo watoto huoga na kucheza. Hapo ng'ombe na mbuzi huja kunywa. Tena hapo ndipo mwanamke mjamzito hupanda mtumbwi ili aende kliniki ng'ambo ya pili.

Mto Tana ndio mto mrefu zaidi katika Kenya. Urefu wake ni kilomita 1,000 hivi. Maji yake hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupita Garissa, Hola na Garsen, kisha huingia Bahari Hindi karibu na Kipini. Sehemu kubwa ya nchi unayopita huko chini ni kavu. Kwa hiyo njia ya kufika majini ni uhai. Wafugaji wana jina lao la njia ya kupitisha mifugo hadi mtoni: malka. Wakulima na wavuvi nao wana vivuko vyao, na hakuna anayeweza kuishi bila kufika majini.

Basi leo sitakuambia, "Mama, usiende mtoni." Maneno hayo hayamsaidii mtu asiye na mfereji nyumbani. Ninalotaka ulishike ni hili: katika kivuko, kila kazi iwe na mahali pake, na kila mtoto mdogo awe na mtu mzima wa kumwangalia. Tukifanya hayo mawili, tutaokoa maisha ya watoto wetu.

Je, kwa nini kivuko kina hatari kuliko sehemu nyingine za mto? Fikiria jinsi mahali pa kuegesha mtumbwi panavyochaguliwa. Mvuvi hatafuti maji yanayokwenda kwa nguvu. Hutafuta pembe iliyotulia, penye ukingo wa kushukia, labda penye kivuli na majani. Lakini konokono anayebeba ugonjwa wa kichocho naye hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Mamba naye hujificha mahali kama hapo. Na mtoto mdogo akiona maji yametulia hudhani ni mahali pa kucheza. Kwa hiyo mahali panapomfaa mvuvi huenda pasimfae mtoto wako.

Tuanze na hatari ya kufa maji. Mwezi wa Desemba 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti juu ya jambo hili. Ripoti hiyo ilisema kwamba mwaka wa 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni. Karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5.

Mama, mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa chake kimejaa maji, hawezi kuita. Hapungi mkono. Hutoweka kimya kimya, kwa dakika chache tu, huku mama yake akiwa amegeuka kukamua nguo. Tena maji ya Tana yana rangi ya udongo. Mtoto akishaingia chini humwoni. Na ukingo nao haudumu. Mto humega ardhi, na mahali palipokuwa na maji ya magoti wiki iliyopita leo pana shimo. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Je, ufanye nini? Kama unaweza, mwache mtoto wa chini ya miaka 5 nyumbani na mtu mzima. Akina mama watatu au wanne wa jirani wanaweza kupeana zamu. Leo wewe unabaki na watoto wote, wengine wanakwenda mtoni. Kesho mwenzako anabaki. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri kwamba vijiji vya karibu na maji viwe na mahali salama pa kuwatunza watoto ambao hawajaanza shule. Si lazima pawe na jengo. Mti wenye kivuli, ua lililozungushiwa miti, na mama mmoja mwangalifu vinatosha kuanzia.

Ikiwa huna budi kwenda naye, awe karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unamshika. Usimwachie mtoto wa miaka 6 amwangalie mdogo wake kando ya maji. Huyo wa miaka 6 naye ni mtoto. Wakianguka, utapoteza wawili. Wale waliofika umri wa kwenda shule wafundishwe kuogelea, lakini na mtu mzima anayejua, na mahali ambapo wazee wamehakikisha ni salama.

Hatari ya pili ni kichocho. Ugonjwa huu upo katika bonde la Tana na sehemu nyingi za pwani. Huenea hivi. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini. Mayai ya minyoo yaliyo katika mkojo wake yanaanguliwa. Vijidudu vinavyotoka vinaingia ndani ya konokono, vinakua humo, kisha vinatoka na kuogelea vikimtafuta binadamu. Mtoto anapocheza majini, vinapenya ngozi yake. Havihitaji kidonda. Vinapita kwenye ngozi nzima.

Baada ya wiki au miezi kadhaa, mtoto anaanza kukojoa mkojo wenye damu, hasa mwisho mwisho wa kukojoa. Anasikia maumivu. Anachoka darasani. Wengine wakiona mvulana anakojoa damu husema, "Ni dalili ya kukua." Sivyo, mama. Huo ni ugonjwa, na una dawa. Dawa yake inaitwa prazikwanteli, na mhudumu hutoa vidonge kulingana na uzito au kimo cha mtoto. Mpeleke dispensari. Lakini akirudi kuoga pale pale, atapata kichocho tena.

Na wewe mama, usijisahau. Kichocho humpata mwanamke pia, na kinaweza kuleta vidonda katika njia ya uzazi. Huleta maumivu wakati wa tendo la ndoa, kutokwa na damu, na hata kushindwa kupata mimba. Vidonda hivyo pia humweka mwanamke katika hatari zaidi ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Wanawake wengi huona aibu kusema. Mwambie muuguzi bila kuficha kwamba unafanya kazi zako mtoni. Itamsaidia kujua atafute nini.

Vijidudu vya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, tuseme kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Huo ndio wakati watoto hupenda kuogelea. Wakataze saa hizo. Kwa kuoga, ni afadhali uteke maji na kuyaweka katika chombo safi chenye kifuniko kwa siku mbili. Vijidudu hivyo huishi muda mfupi tu vikikosa mtu wa kumwingia, kwa hiyo vitakuwa vimekufa. Hata hivyo maji hayo bado si ya kunywa mpaka yatibiwe.

Hapo tunafika kwenye hatari ya tatu, magonjwa ya kuhara. Kama ng'ombe wananywa na kuacha samadi, watoto wanajisaidia kichakani, nguo za mtoto mchanga zinafuliwa, na samaki wanapasuliwa, halafu wewe unateka maji ya kunywa hapo hapo, unapeleka nini nyumbani? Mvua ikinyesha na mto ukijaa, uchafu wa vijiji vya juu nao hushuka. Baada ya mafuriko ya mwaka wa 2024, kipindupindu kiliripotiwa katika kaunti ya Tana River.

Maji ya mto yaache yatulie mpaka matope yashuke chini. Yamimine polepole katika chombo kingine ukiyachuja kwa kitambaa safi. Kisha yachemshe mpaka yatokote, au yatie dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye chupa au pakiti. Yafunike. Mtoto akiharisha, anza mara moja kumpa maji yenye chumvi ya ORS, endelea kumnyonyesha, na umpeleke dispensari. Ikiwa choo chake ni kama maji ya mchele, usingoje hata saa moja.

Hatari ya nne ni mamba. Mamba huwinda zaidi alfajiri, jioni na usiku. Sasa utaniuliza, "Mbona unatuambia tusiende jua likiwa kali, na tena tusiende alfajiri?" Ni swali zuri. Hakuna saa isiyo na hatari kabisa. Lakini kati ya saa mbili na saa nne asubuhi kumeshapambazuka vizuri, unaona mbele yako, na jua bado halijawa kali. Panga kuteka maji saa hizo. Nendeni wawili au zaidi, mmoja ateke na mwingine aangalie maji. Usisimame ndani ya maji. Tumia kata yenye mpini mrefu, au ndoo yenye kamba.

Na hapa nina neno kwa mume wako mvuvi. Matumbo ya samaki yakitupwa kivukoni humwita mamba. Harufu hiyo humfundisha kwamba hapo pana chakula, naye atarudi. Matumbo hayo yafukiwe shimoni, mbali na maji. Watu wakimwona mamba anayezoea kivuko, waambie chifu na ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, kabla mtu hajaumia.

Sasa tuzungumze juu ya kuvuka. Mama wengi hupanda mtumbwi kwa sababu hospitali, shule au soko liko ng'ambo. Mwezi wa Aprili 2024, mafuriko yalipoikata barabara kati ya Madogo na Garissa, watu walianza kuvushwa kwa mashua. Mashua moja ilipinduka, na abiria wakafa. Watu hao hawakuwa wavuvi. Walikuwa wasafiri wa kawaida kama wewe na mimi.

Kumbuka pia kwamba mto unaweza kujaa hata kama kwenu hakujanyesha. Huko juu kuna mabwawa matano ya umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mabwawa hujaa na kufurika, na maji hayo hushuka kwenu siku za baadaye. Ukisikia redioni kwamba mabwawa yanafurika, hamisha watoto na mali kutoka kingoni, wala usivuke bila sababu kubwa.

Kabla ya kuingia mtumbwini, hesabu watu. Ukiona ukingo wa mtumbwi uko karibu kulingana na maji, shuka, ungoje safari nyingine. Usione haya. Kuchelewa si kufa. Keti chini, katikati, wala usisimame kupokea mzigo. Mtoto uliyembeba mgongoni, mfungue leso umpakate mbele, kwa sababu mtumbwi ukipinduka leso iliyokazwa itamzuia asitoke. Mwulize mwenye chombo kama ana majaketi ya kuokolea, na la mtoto limtoshe mtoto. Kudai jaketi si ukorofi. Chombo kinachobeba abiria kinapaswa kuwa nayo.

Ikiwa una mimba na hospitali iko ng'ambo, usingoje uchungu uanze usiku ndipo utafute mpiga kasia. Zungumza na muuguzi mapema. Wiki za mwisho, hasa wakati wa mvua, hamia kwa ndugu au rafiki aliye upande wa hospitali, au uulize kama kuna nyumba ya akina mama ya kusubiria. Weka akiba kidogo ya nauli. Jambo hili lizungumzwe na mume wako na mama mkwe mapema, si siku ile ya uchungu.

Mpendwa msikilizaji, mengi ya haya huwezi kuyafanya peke yako. Kivuko ni cha watu wote, na mpangilio wake ni wa watu wote. Kwa hiyo leteni jambo hili katika baraza la chifu. Ombeni kivuko kigawanywe kufuata mkondo wa maji. Juu kabisa pawe pa kuteka maji ya kunywa. Chini yake pawe pa kufulia na kuogea. Chini yake tena pawe pa mitumbwi na samaki. Na chini kabisa iwe malka ya mifugo. Malka ikizibwa kwa shamba au ua, ng'ombe hawataacha kunywa. Watakuja pale mnapotekea maji, na ugomvi utaanza. Basi wakulima na wafugaji wakae pamoja wakubaliane njia hizi zibaki wazi.

Choo kichimbwe mbali na ukingo, si chini ya meta 30, ili wavuvi na abiria wasikojoe majini. Mahali pa kuteka maji pazungushiwe uzio wa vigingi imara vilivyochimbiwa ndani ya maji, ili mamba asiingie na mtoto asitoke. Majani ya majini yang'olewe, lakini wanaoyang'oa wavae buti za mpira na glavu. Kila kivuko kiwe na upondo mrefu, kamba, na mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko, vikiwekwa mahali ambapo kila mtu anavijua.

Kule wavuvi walikojiandikisha, kuna kamati zinazoitwa BMU, zilizowekwa na kanuni za uvuvi za mwaka wa 2007. Kamati hizo husimamia mahali pa kushushia samaki, na si za wenye mitumbwi peke yao. Mama anayechuuza samaki naye anaweza kuwa mwanachama na kusema. Nenda ukaseme.

Kabla hatujaagana, tujifunze la kufanya mtu anapozama. Piga kelele uite watu. Usiruke majini kama hujui kuogelea, maana waliokwenda kuokoa wamekufa mara nyingi. Mnyooshee upondo ukiwa umelala kifudifudi ukingoni, au mtupie ule mtungi uliofungwa kamba, umvute.

Akitolewa, angalia kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali. Inua kidevu chake, kichwa kirudi nyuma kidogo. Mzibe pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, umpulizie pumzi 5, na kila mara uone kifua kikiinuka. Kwa mtoto mchanga, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja, na pumzi ziwe ndogo. Akiwa bado hapumui, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, karibu mara mbili kila sekunde. Kisha mpe pumzi 2. Endelea hivyo bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Usimning'inize kichwa chini, wala usimkande tumbo. Hata akizinduka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana mapafu yanaweza kumletea shida baadaye. Nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, nayo hailipishwi.

Kusikia tu hakutoshi. Mwombeni mhudumu wa afya ya jamii awapangie siku ya kufundishwa jambo hili kwa vitendo, akina mama na wavuvi pamoja.

Kwa kumalizia, mama, kumbuka haya matano:

1. Mtoto wa chini ya miaka 5 asikae karibu na maji bila mtu mzima anayeweza kumshika.
2. Maji ya kunywa yatekwe juu ya kivuko, yatulizwe, yachujwe, yatibiwe na yafunikwe.
3. Mtoto akikojoa damu, huenda ni kichocho. Mpeleke dispensari.
4. Mtumbwi uliojaa, shuka. Mto uliofurika, ngoja.
5. Kivuko kigawanywe, na wewe uwepo barazani kinapogawanywa.

Jioni ya leo, kabla hujalala, mwulize jirani yako swali moja: "Kesho tukienda mtoni, nani atabaki na watoto?" Anzieni hapo. Hadi wakati mwingine, nakutakia afya njema wewe na jamaa yako. Kwaheri.